Uainishaji wa Kabati la Vitabu la Kujengea, Pamoja na Kuta, Mbao na Ahadi Zake

Utata wa makazi

Mwaka 1876 mkutubi Mmarekani, Melvil Dewey, aliyagawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu kumi na kuyapiga namba, na tangu hapo wenye maktaba wakapata usingizi. Anayetaka kufuga nyuki huelekezwa 638. Anayetaka kupika pilau huelekezwa 641. Kilichokosa pa kukaa ni kabati lenyewe.

Nazungumzia kabati la kujengea: lile linalopimwa ukutani kwa futi, likapasuliwa na kupigwa randa kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, likaletwa vipande vipande juu ya kigari cha mizigo cha Kirikuu na kuungwa palepale sebuleni, sakafu hadi dari, ukuta hadi ukuta. Namba 022 ni ya majengo na vifaa vya maktaba, lakini sebule ya Mbagala yenye vitabu arobaini na seti ya glasi za harusi haiwezi kuitwa maktaba mbele ya watu wazima. Namba 684 ni ya samani, na samani ni kitu ambacho ukihama unahama nacho. Namba 694 ni ya useremala wa ujenzi, penye kenchi na fremu za milango, ila hakuna aliyewahi kupanga riwaya juu ya kenchi. Kabati la kujengea limo kote na halimo popote. Wanazuoni wamelinyamazia jambo hili, labda kwa sababu makabati yao wao hununuliwa na ofisi.

Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Mbinu za utafiti zilikuwa kukaa kwenye ncha ya benchi la fundi, mahali pasipozuia kazi, kunywa kahawa na kuwasumbua kwa maswali watu wenye shughuli zao. Hoja ninayoitetea ni fupi na itawaudhi wapenda vitabu: kabati la vitabu la kujengea halitengenezwi kwa kipimo cha vitabu. Linatengenezwa kwa kipimo cha kasoro za ukuta mmoja, na yote yanayofuata, mbao, bei na hata tarehe ya kukamilika, yanatokana na kasoro hizo na za sisi tunaozizunguka.

Wanasheria na fundi

Wanasheria walijaribu kazi hii kabla yetu. Kanuni waliyoirithi kutoka Uingereza, ikiwa imevishwa Kilatini ili ionekane na umri, inasema kilichofungwa kwenye ardhi ni mali ya ardhi. Ukitokea mgogoro hutazamwa mambo mawili: kitu kimefungwa kwa nguvu kiasi gani, na kilifungwa kwa nia gani. Mpangaji aliyejenga kabati ukutani kwa gundi na plagi anaweza kugundua, siku ya kuhama, kwamba alikuwa akimnunulia mwenye nyumba zawadi kwa awamu.

Fundi hahitaji Kilatini. Akifika kupima, kabla hata hajachomoa futi mfukoni, anauliza: "Mzee, nyumba yako au umepanga?" Jibu likiwa "yangu", kabati linaelekea 694: plagi zinazama ukutani, skatingi inakatwa, gundi inamwagwa, na likishaingia limeingia. Jibu likiwa "nimepanga", linabaki 684: skrubu chache zinafichwa chini ya shelfu, hakuna gundi inayogusa lipu, na badala ya kukata skatingi ya mwenye nyumba unakatwa mguu wa kabati. Lipo jibu la tatu, "nyumba ya familia", ambalo humfanya fundi ashushe pumzi na kukaa kwanza. Hapo kaka mkubwa ana mawazo yake, shangazi ana yake, na kabati hutengenezwa kwa vipande vinavyolingana ili mirathi ikifika ligawanyike bila kumwita tena seremala.

Huu ndio uainishaji pekee nilioukuta karakana ukitumika kila siku, na sioni Dewey angeongeza nini.

Asili ya spishi

Watu wa miji ya kale ya pwani walikuwa na rafu za kujengea kabla ya kuwa na makabati. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani kabisa umejaa zidaka: vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu na kutiwa nakshi za chokaa, vya kuwekea vyombo vya kaure na vitu vingine vya thamani. Msahafu nao ulikuwa na samani yake, marufaa, inayochongwa kutoka ubao mmoja uliopasuliwa kwa unene wake hadi ukajikunja na kukunjuka bila bawaba ya chuma. Fundi aliyeweza marufaa hakuwa na haja ya kufundishwa kiungo ni nini.

Zidaka ziliwezekana kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe zilikuwa nene, kama nusu mita. Ungeweza kuingiza rafu ndani ya ukuta bila kutokea kwa jirani. Tofali la saruji la inchi 5 au 6 halina ukarimu huo. Kitabu cha ukubwa wa A4 kinataka kina cha sentimeta 30 kwa raha zake. Jaribu kuchimba kina hicho kwenye ukuta wa siku hizi, utakuwa umeshafika chumba cha watoto na safari bado iko karibu nusu. Ndivyo rafu zilivyotoka ukutani, zikaingia chumbani na kuvaa mbao. Nadharia hii, kwamba kabati la kujengea ni mtoto wa ukuta mwembamba, naitoa bure kwa yeyote anayetafuta mada ya shahada ya uzamili.

Kuta

Kuta ziko aina nne. Ya tano ni ukuta ulionyooka, ambao wajenzi wote wamewahi kuujenga na maseremala wote hawajawahi kuuona.

Kuna ukuta wenye tumbo, uliofura katikati pale mpiga lipu alipochoka kuvuta ubao. Kuna ukuta unaosujudu, ulioinamia chumbani, na ndugu yake anayeegama, aliyerudi nyuma. Hawa wawili hawajulikani kwa macho. Fundi hutundika timazi karibu na dari, anasubiri risasi itulie, kisha anapima umbali wa uzi na ukuta juu, katikati na chini. Akipata vipimo vitatu tofauti haonyeshi mshangao wowote. Anaviandika kwenye kipande cha mbao, kwa sababu daftari hupotea na mbao haipotei. Aina ya nne ni ukuta wa mawimbi, ambao mchana ni mwema kabisa na hujidhihirisha usiku, taa ya pembeni ikiwashwa.

Pembe zina elimu yake. Fundi anaweka alama sentimeta 60 upande mmoja wa kona, 80 upande wa pili, halafu anapima kutoka alama hadi alama. Ikitoka 100 kamili, kona ni mraba. Ikitoka 102, kona imefunguka, na kabati lililotengenezwa mraba litaacha nyuma yake nafasi ya kuingiza mkono. Mjukuu wa Pythagoras huyu hakusoma jiometri, na ukimwambia jina hilo atakuuliza ana karakana wapi.

Lipo kosa la urefu ambalo nalitaja kwa sababu huwapata hata wasomi. Dari iko sentimeta 270 kutoka sakafuni. Mteja anaagiza kabati la sentimeta 270. Kabati linaungwa likiwa limelazwa, kisha wanaume wanne wanalisimamisha, nalo linakwama njiani, limegusa dari huku miguu ikiwa bado hewani upande mmoja. Kitu chenye urefu wa 270 na kina cha 35, kikiinuliwa kutoka kulala, hupita mahali ambapo kimo chake ni pembe kwa pembe, yaani zaidi kidogo ya 272. Sentimeta hizo mbili hazipo chumbani. Kabati linalofika dari lazima liwe na kitako kinachotangulia peke yake, na juu yake masanduku yanayopandishwa moja moja, na mwisho ubao mwembamba wa kuziba juu. Anayetaka kubishana na hili anabishana na jipsamu, na jipsamu hupasuka.

Mininga mitatu

Seremala wa Tanzania anazo mbao nyingi za kuchagua, na mteja wake analo jina moja tu la mbao: mninga. Uchunguzi umebaini mninga wa aina tatu.

Wa kwanza ni mninga wa msituni, Pterocarpus angolensis, mti unaotoa utomvu mwekundu ukikatwa. Sifa yake kubwa kwa kabati si rangi, ni utulivu wake. Hausinyai sana ukikauka, wala hauhangaiki sana hewa ya pwani ikibadilika, kwa hiyo mlango wake unaofungika mwezi wa pili utafungika na mwezi wa nne. Mkongo nao ni mtulivu hivyohivyo, ila mzito; aliyeubeba hausahau. Mvule ni mzuri na mkubwa, lakini baadhi yake hubeba jiwe tumboni, chokaa iliyoganda ndani ya mti, isiyoonekana mpaka meno ya msumeno yaigonge. Siku hiyo karakana nzima husikia, na bei ya kupasua hujadiliwa upya.

Wa pili ni mninga wa kopo. Huu kwa jina la ukoo ni msindano, au paini kama wauzaji wanavyouita, na mwingi hutoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi. Unapigwa msasa, unapakwa rangi ya mninga na vanishi juu yake, na baada ya hapo haujui tena kwao. Sina ugomvi na paini. Ni mbao nyepesi, inakubali skrubu, na bei yake ni ya binadamu. Ugomvi wangu ni na paini mbichi. Mbao iliyopasuliwa juzi bado ina maji, na maji yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, nyuzi zenyewe huanza kusinyaa. Kwa urefu haisinyai kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa upana husinyaa, na ubao wa sentimeta 30 unaweza kupoteza milimita kadhaa ukiwa tayari umeshafungwa kabatini. Hapo ndipo usiku wa manane nyumba husikia mlio mmoja mkavu kutoka sebuleni. Baba anasema ni paka. Siyo paka. Ni ubao wa nyuma umegundua kwamba skrubu hazitaki kusogea nao.

Fundi hupima ukavu kwa kunyanyua ubao kwa mkono mmoja, kuugonga kwa kifundo cha kidole na kuunusa. Kipo kifaa cha umeme kinachofanya kazi hiyohiyo, chenye sindano mbili. Muuza mbao ana kipimo chake pia, ambacho ni neno "kavu" analotamka kwa sauti inayopanda kadiri ubao unavyozidi kuwa mbichi.

Wa tatu ni mninga wa karatasi: picha ya mninga iliyobandikwa juu ya MDF au chipubodi. Picha hiyo hurudia kifundo kilekile kila baada ya hatua fulani, na mtoto mwenye homa anayelala kwenye kochi akiangalia kabati hugundua jambo hilo kabla ya wazazi. Nawasihi wenzangu wasiidharau spishi hii. Haipindi kwa mvua za masika, haina mbichi wala kavu, na ukingo wake ukibandikwa utepe vizuri hudumu. Adui zake ni maji ya kudekia, yanayoifurisha kutoka chini, na kitabu.

Sheria ya kujipinda

Hapa pana utajiri, nami nitakaa kidogo.

Kitabu ni kizito kuliko kinavyoonekana dukani. Mita moja ya shelfu iliyojaa vitabu vya kawaida hubeba karibu kilo 30, na ikijaa kamusi na majuzuu ya sheria huzidi hapo. Mzigo huo haushuki saa nane mchana kama mzigo wa gunia, unakaa miaka. Sasa, kwa vitabu vilevile vilivyobanana vilevile, ukirefusha shelfu mara mbili kati ya mihimili yake, kujipinda hakuongezeki mara mbili wala mara nne. Huongezeka mara 16. Upande wa rehema ni huu: ukiongeza unene wa ubao mara mbili, kujipinda hubaki sehemu moja tu ya nane.

Mafundi wanalijua hilo kwa njia nyingine. Uliza shelfu ya MDF ya milimita 18 iende hadi wapi, utaambiwa futi mbili, ukibembeleza sana mbili na kidogo, baada ya hapo weka ubao wa kusimama katikati. Kabati lililogawanywa hivyo lingeishi na vitabu vyake kwa amani. Halafu inaletwa runga.

Mteja anayeagiza kabati la vitabu huagiza, katikati ya kabati hilo, tundu la runga ya inchi 55. Kioo chake kina upana wa sentimeta 122 hivi, kwa hiyo tundu linakuwa 125, na juu ya tundu inapita shelfu moja isiyo na mhimili. Sentimeta 125 ni mara mbili ya 62 na nusu. Shelfu ile, ikiwa ya ubao uleule na imebeba vitabu vilevile, itajipinda mara 16 ya jirani zake, na itafanya hivyo juu ya kichwa cha msomaji wa habari, ambapo familia nzima hutazama kila saa mbili usiku.

Kujipinda nimekuainisha kwa kufuata anayekuona kwanza. Daraja la kwanza kunaonekana na fundi peke yake, akipita kuja kudai salio. La pili kunaonekana na mgeni, ambaye kwa adabu hasemi kitu ila anainamisha kichwa kidogo upande mmoja. Daraja la tatu linaonyeshwa na vitabu vyenyewe: vinaacha kusimama wima, vile vya kulia na vile vya kushoto vinaelemeana vichwa katikati. MDF iliyofika hapo, hata ukiipakua vyote, hairudi kunyooka. Nilipouliza tiba niliandaa kalamu kwa maelezo marefu. "Igeuze," fundi alisema. Ilipogeuzwa, tumbo likawa juu, na vitabu vikaanza upya kazi ya kulishusha.

Kinga ipo, nayo ni rahisi. Chini ya ukingo wa mbele wa shelfu ndefu unafungwa ubao wa inchi mbili uliosimama kwa upana wake, na nyuma, ukutani, unapigwa mwingine wa kuegemea. Ubao mwembamba uliosimama una nguvu kuliko ubao mnene uliolala, kwa sababu ileile ya unene iliyotajwa juu. Mteja huukataa ubao huo wa mbele kwa maelezo kwamba unaharibu sura. Anaukubali mwaka unaofuata, kwa bei nyingine.

Uhifadhi wa kianzio

Fizikia inasema nishati haipotei, hubadilika umbo. Kianzio nacho ni hivyo. Mteja hutoa nusu ya bei au zaidi ili mbao zinunuliwe, na mbao kweli hununuliwa, ila za mteja aliyetangulia, ambaye kianzio chake kilinunua bawaba za aliyemtangulia yeye. Kwa mnyororo huu kabati langu limejengwa kwa fedha ya mtu nisiyemjua, na fedha yangu imelala Tandika ikiwa kitanda cha futi tano kwa sita. Wapo wanaouita utaratibu huu utapeli. Mimi, baada ya kuutazama kutoka kwenye ncha ya benchi, nauona kuwa ni benki isiyo na mlinzi wala mtaji, inayosimama kwa kuwa wateja hawaji siku moja. Wakija siku moja, fundi anakuwa amekwenda Buguruni kufuata skrubu.

Foleni ya kazi ina ngazi zake. Jeneza linapita mbele ya kila kitu. Likiagizwa, randa zote hugeukia huko na hakuna mteja anayethubutu kunung'unika. Linafuatwa na kitanda cha bibi harusi, kwa kuwa tarehe ya harusi imechapishwa kwenye kadi. Makochi ya kabla ya Idi na Krismasi yanafuata, halafu meza ya duka jipya ambalo kodi ya fremu imeshaanza kuhesabiwa. Kabati la vitabu liko mkiani, na sababu ni ya haki kabisa: hakuna mtu aliyewahi kulala sakafuni kwa kukosa kabati la vitabu.

Kuhusu visingizio, mwenye kuvichunguza asivichanganye vyote kapu moja. "Umeme ulikatika" ni kweli nusu ya safari, na nusu nyingine Luku ya karakana ndiyo iliyokwisha. "Kijana wangu anaumwa" hakipimiki. Lakini "mvua, mzee, vanishi haitakaa" ni kweli tupu, na ndicho wateja wanachokibeza kuliko vyote. Vanishi ya kupuliza inayokauka upesi, ikipigwa hewani penye unyevu mwingi, hunasa maji na kukaukia na utando mweupe usiofutika kwa kitambaa. Fundi anayekataa kupuliza vanishi wakati wa masika anamhurumia mteja. Mteja anampigia simu kumwita mwongo.

Uungaji, na ubao wa kuzibia

Hatimaye Kirikuu kinafika. Vipande vinashushwa: kitako, masanduku matatu au manne membamba ya kupita mlangoni, shelfu zilizofungwa kwa kamba, plaiwudi ya mgongo. Viungo vyake naviainisha haraka, kwa kuwa vikishafungwa havionekani. Bora ni shelfu iliyozamishwa kwenye mfereji uliochongwa ubavuni, kwani uzito unakaa juu ya mbao. Cha kati ni gundi na skrubu. Cha mwisho ni msumari uliopigwa pembeni na kupakwa pati ya rangi inayokaribiana.

Kitako kinawekwa kwanza. Sakafu nayo ina tabia zake, hivyo fundi anaweka pima maji juu, anapenyeza kabari upande uliolala, anagonga taratibu kwa nyundo mpaka povu lisimame katikati ya mistari, kisha anafanya hivyohivyo kwa upana. Kosa la milimita 5 hapa chini huonekana kule juu kama milango miwili isiyokutana. Masanduku yanapanda, yanabanwa kwa jiriwa, yanaungwa. Kila sanduku linapimwa pembe kwa pembe, mara mbili. Vipimo vikilingana ni mraba, na plaiwudi ya mgongo inapigwa kulizuia lisibadili mawazo.

Na sasa kabati limesimama wima kabisa, limenyooka, kando ya ukuta ambao haujanyooka. Kati yao kuna upenyo wa sentimeta mbili juu, moja kifuani, na karibu tatu chini. Upenyo huu uliachwa makusudi tangu siku ya kupima. Kwa maoni yangu kazi yote iliyotangulia ilikuwa ya seremala yeyote mzuri. Hapa ndipo fundi wa kujengea anapojitenga na wengine.

Anachukua ubao mwembamba wenye urefu wa kabati, anausimamisha kwa pima maji mbele ya upenyo, ukigusa ukuta pale tumbo lilipojitokeza, anaubana. Anaokota kibao kidogo kutoka kwenye takataka, upana wake sawa na upenyo mkubwa kuliko wote. Anakiegemeza kibao ukutani, anaweka penseli upande wa pili, na anashuka navyo pamoja kutoka darini hadi sakafuni bila kuinua mkono. Magoti yanakunja taratibu. Penseli inachora juu ya ubao kila alichokosea mpiga lipu: hapa alipoongeza, pale karibu na swichi alipokwangua, na chini kabisa ngazi ya skatingi, kama jino. Kisha ubao unakwenda kwenye benchi. Msumeno unapita nje kidogo ya mstari, randa ya mkono inamalizia, na ukingo unachongwa kwa kuinamia nyuma ili sehemu ya mbele peke yake ndiyo iguse ukuta. Anaurudisha. Mwanga unapenya mahali pamoja, urefu wa kidole. Anauondoa, randa mara mbili, anaurudisha. Hakuna mwanga.

Ubao ule sasa una ukingo mmoja ulionyooka, unaotazama kabati, na mwingine uliopinda kila upande, unaotazama ukuta. Mwenye nyumba anaingia, anarudi nyuma hatua mbili, anaweka mikono kiunoni. "Kumbe ukuta wangu umenyooka hivi!" anasema.

Fundi anafagia.

Wakazi

Imebaki kueleza kinachokaa ndani. Mwaka 1666 Samuel Pepys, mtumishi wa jeshi la majini la Uingereza, alimwajiri seremala wa bandari ya jeshi hilo ampe makabati ya vitabu. Yako hadi leo katika Chuo cha Magdalene, Cambridge, kumi na mawili, pamoja na vitabu vyake 3,000 vilivyopangwa kwa kimo, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Vilivyopungukiwa kimo alivitengenezea vibao vya kukanyagia ili migongo yote ilingane juu. Ni mteja wa pekee ninayemjua aliyevilazimisha vitabu vifuate kabati badala ya kinyume chake, na mafundi wa Keko niliowasimulia walimpenda mara moja.

Kwetu mpangilio ni huu. Juu kabisa, mahali pa heshima, Msahafu au Biblia, na albamu ya harusi. Shelfu ya pili, picha ya mahafali, joho na yote, katikati ya vikombe vya mashindano ya mpira wa miguu ya kazini. Ya tatu, glasi na sahani ambazo mtoto akizikaribia nyumba nzima huita jina lake. Hii ni damu ya zidaka, sibishani nayo. Runga. Chini ya runga, king'amuzi, nyaya na rimoti ya runga iliyokufa. Vitabu hukaa kulia na kushoto, na ya chini kabisa ni madaftari ya shule ya miaka iliyopita, ambayo yanahifadhiwa kwa sababu zisizojulikana na sayansi.

Mteja pia huwa ameomba shelfu zinazoweza kushushwa na kupandishwa. Fundi hutoboa kwa ajili hiyo safu za matundu ya milimita 5 kwenye kila ubavu, kwa kufuata kibao cha kielelezo, na kila shelfu hupewa vishikizo vinne. Sijapata kuona shelfu iliyohamishwa. Vishikizo ndivyo vinavyohama. Viko vya chuma chenye bapa, ambavyo ni bora. Viko vya plastiki, vinavyovunjika kwa kamusi. Viko vya mbao, vinavyochongwa karakana vikiadimika dukani. Aina ya nne ni msumari wa inchi mbili uliokatwa kichwa na kuchomekwa tunduni na baba wa nyumba Jumapili jioni, baada ya mtoto kuondoka na kishikizo halisi. Hii ndiyo aina niliyoikuta katika nyumba nyingi zaidi.